Kura Isiyoombwa

Mwenye mtoto na asikie, na asiye naye asikie vilevile, huenda akampata. Kisa hiki ni cha Mwatima binti Pandu wa Jang'ombe, mshona kofia, mwanamke aliyechelea kumsumbua mtu hata kwa chembe ya chumvi. Watu walimsifu kwa hilo. Walimsifu mpaka sifa ikamponza.

Mwaka ni ule wa sitini na nane. Ada za skuli zilikuwa zimeshaondoshwa, na watoto walimiminika madarasani hata madawati yakaelemewa. Skuli ya upande wa pili wa bonde ikaigawa siku mapande mawili: wako watoto wa zamu ya asubuhi, wako wa zamu ya jioni. Wa asubuhi walirudi kwao adhuhuri, jua limesimama utosini na njia imejaa watu na baiskeli. Wa jioni waliachiwa saa kumi na mbili kasorobo, na baina yao na Jang'ombe palikuwa na bonde.

Mchana lile bonde lilikuwa bonde tu, na mpunga wake mwembamba na punda wa watu wakila majani. Lakini vuli ikishanyesha, maji yalipanda pande zote mbili hata njia ikabaki kama uzi ulioangukia juu ya kioo. Na jua likizama, mbingu ilishuka ndani ya maji yale, kwanza nyekundu, kisha zambarau, na mtu aliyekuwa akipita hakujua vyema kama anakanyaga udongo au anakanyaga wingu. Mwatima aliwahi kupita mara moja saa ile. Alisikia raha mwilini, raha nzito kama ya mtu anayechukuliwa na usingizi, na raha ile ndiyo iliyomtia khofu. Mtu mzima yeye, miguu ilitaka kuiacha njia na kushuka majini. Je, mtoto?

Mtoto wake alikuwa Tabia, miaka tisa, zamu ya jioni.

Siku moja katika mwezi wa Oktoba Tabia alirudi na kiatu kimoja. Kanzu yake ilikuwa imerowa mpaka magotini, na uso umetulia kama wa mtu aliyeamshwa kabla ya ndoto kwisha.

"Kiatu chengine kiko wapi?" Mwatima akauliza.

"Kimebaki."

"Kimebaki wapi?"

"Pale aliponiita."

"Nani aliyekuita?"

"Simjui. Aliita Tabia, Tabia, sauti kama yako. Nkasema naam. Nkashuka nimfuate. Tena mtu hayupo, yakawa maji tu."

Mwatima alimkalisha, akamfuta miguu, akafukiza ubani nyumba nzima kwa haraka hata makaa yakamwagika sakafuni. Kila mama wa Unguja anamfundisha mwanawe kwamba ukiitwa magharibi usiitike upesi, ngoja uitwe mara ya tatu. Yeye pia alimfundisha. Lakini mafunzo hayo ni ya mtoto aliye kibarazani kwao, karibu na taa. Katikati ya bonde nani atahesabu?

Mumewe, Usi, alikuwa mchukuzi bandarini, mtu mpole, mabega kama mlango. Alipohadithiwa alicheka kidogo.

"Chura huyo, Mama Tabia. Vuli hii wamejaa."

"Chura anajua jina la mwanangu?"

Usi akakuna kidevu.

"Haya, tuseme ni chura," Mwatima akaendelea. "Na maji nayo ni chura?"

Hapo Usi hakucheka tena.

Wiki ile ile akaja Mwalimu Jaku, mwalimu mkuu, amekunja suruali mpaka magotini kwa ajili ya tope. Alipiga hodi, akakaribishwa kibarazani, akasema kwamba kiti kimoja cha kamati ya wazee wa skuli kimekuwa wazi, maana Mzee Mmanga aliyekikalia amehamia Bwejuu kwa mwanawe. Wazazi watachagua mtu baada ya Sikukuu, kabla skuli hazijafunguliwa. Fundi Muhiddin wa cherehani ameshatia jina lake.

"Nami napenda na mama mmoja asimame," akasema mwalimu. "Weye umesoma mpaka darasa la nne, mwanao yuko kwetu, na sijapata kusikia ugomvi wako na mtu. Unasemaje?"

Mwatima alitazama chini. Alikuwa akijua kazi ya kamati ile. Ndiyo inayokaa na mwalimu mkuu mwanzo wa mwaka kugawa majina, nani aende asubuhi na nani aende jioni. Akamwona Tabia amevaa viatu viwili, anarudi adhuhuri, jua kali, vumbi, kelele za watu, hakuna sauti inayoita.

"Liandike," akasema, kwa sauti ndogo hata mwalimu akamwomba arudie.

Hivyo ndivyo alivyogombea. Alitaka kitu kimoja tu: watoto wa kike wanaovuka bonde wawekwe zamu ya asubuhi. Hakutaka kiti, wala kuitwa Bi Mkubwa, wala chai ya kikao. Na kitu hicho kimoja hakumwambia mtu isipokuwa mumewe.

Ramadhani ikaingia, na skuli zikafungwa. Fundi Muhiddin alianza kazi siku ya pili ya saumu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyotangulia mbele yake kama kengele ya baiskeli. Akishafunga cherehani alasiri, alipita mlango kwa mlango.

"Hodi! Mie huyo, nimekuja kuomba. Sitaki maji, sitaki kiti, nnataka kura yenu. Nipeni, jamani. Mkininyima, sare za mwakani nitazishona mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, watoto wenu watembee kama kaa!"

Watu walicheka, wakamwambia, "Haya fundi, tumesikia."

Mwatima alimsikia kutoka ndani, sindano ya kofia mkononi, na uso ukamwasha kwa haya aliyomwonea. Kuomba hivyo! Mchana kweupe, na saumu! Yeye alilelewa na bibi yake, na bibi alikuwa akimwambia kwamba mtu akikuona una njaa akakupa, huyo kakupa. Ukimwambia una njaa, umemtia kabari. Mwatima alikua na neno hilo kama mtu anavyokua na kovu. Hakupata kuomba moto kwa jirani. Alisubiri jirani aone jiko lake halitoi moshi.

Basi akafanya alilolijua. Akaandaa sahani.

Kila nyumba yenye mtoto katika skuli ile, alisema moyoni, itapata futari kutoka kwake. Leo nyumba tatu, kesho tatu. Alianza kupika mara baada ya sala ya alasiri, saa ile ambayo mfungaji huona vitu kwa mbali hata vilivyo karibu. Moshi wa makumbi ya nazi ulipanda taratibu na kujinyonga hewani. Nazi aliikuna akiisikia kama mvua ya nyumba nyengine. Akikoroga tui la ndizi mbivu alijikuta anakoroga na huku macho yameganda kwenye duara lile jeupe linalozunguka, mpaka Tabia amwite, "Mama, inaungua," naye ashtuke kama aliyekuwa safarini.

Alitengeneza kaimati za kuchovya sukari. Siku nyengine tambi, siku nyengine muhogo wa nazi na samaki juu yake. Alipakua kwenye sahani zake za maua ya bluu, zile za harusi yake, akafunika kila moja kwa kawa la ukindu wa rangi, na Tabia akatoka nazo magharibi ikikaribia, moja moja, mikono yote miwili, macho kwenye kawa.

"Niseme nini, mama?"

"Sema mama anakusalimuni."

"Basi?"

"Basi."

Na milango ikafunguka. Mikono ikatoka na kupokea, na harufu ya iliki ikaingia ndani ya nyumba za watu. Kisha mwadhini akaadhini, mtaa mzima ukanyamaza, zikabaki sauti za vikombe tu. Mwatima aliketi na tende mdomoni akahisi nyumba zile zote zimeunganishwa na yake kwa nyuzi nyembamba zisizoonekana. Alisema ndani ya nafsi yake: wameshajua.

Sasa, nyie mnajua ada yetu. Sahani ya mtu hairudi tupu. Aliyepelekewa kaimati jana, leo hurudisha sahani na kachori. Aliyepelekewa tambi hurudisha bajia, au mkate wa kumimina, au angalau maembe mawili yaliyomenywa. Basi sahani za Mwatima zikaanza kurudi. Zilirudi tatu, zikarudi tano, na kila moja na kitu chake chini ya kawa. Usi akafuturu vyakula ambavyo mkewe hakuvipika.

"Leo tunakula kwa nani?" akauliza, akitazama mkeka uliojaa.

"Kwa watu wote," Mwatima akajibu kwa furaha. Kwake yeye kila sahani iliyorudi ilikuwa ni ndiyo.

Usi alimega sambusa, akaitafuna kwa muda. "Mama Tabia. Umewaambia unalolitaka?"

"Wanajua."

"Wanajuaje?"

"Sahani zinasema."

"Hizi?" Usi akainua moja, akaiweka sikioni, akakunja uso kama anayesikiliza simu ya mbali. "Yangu inasema niongezewe uji."

Tabia akaangua kicheko. Mwatima alimpiga mumewe kofi dogo la bega, akacheka naye, na neno lile likapita.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani Mwatima alilala mchana, sindano imo katika tundu la kofia, akaota. Aliona mtaa wa Jang'ombe mweupe kama uliopakwa chokaa mpya, na hakuna mtu. Njia ilikuwa imejaa sahani zake, zimefunikwa makawa, zinatembea peke yao kwa mstari kama wanawake wanaokwenda khitma. Kila sahani ilisimama kwenye mlango. Haikugonga. Mlango ulifunguka, mkono ukatoka, ukachukua, mlango ukafungwa. Hapakuwa na sauti hata moja, wala ya kuku. Mwisho wa mstari alikuwapo Tabia, naye kafunikwa kawa kubwa mpaka mabegani, anasubiri zamu yake. Mwatima akataka kumwita, lakini mdomo wake ulikuwa mtamu, umejaa sukari ya kaimati, haukufunguka.

Alipoamka alikuwa anatoka jasho, na bado aliipenda ndoto ile kwa weupe wake. Ndoto hupewa mtu mwema akaifasiri kwa wema, kwa hiyo alimpelekea Biasha, shoga yake wa ukuta kwa ukuta. Biasha alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye watoto wanne skuli, wote zamu ya asubuhi.

"Sahani zinatembea?" Biasha akauliza. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Kwa miguu?"

"Sikuiona miguu. Zilikwenda tu."

"Na milango ilifunguka?"

"Yote."

"Kheri hiyo, shoga. Rizki. Lakini kitu kinachokuja mlangoni kisiseme hodi, mie ningekimwagia maji."

Wakacheka wote wawili. Na hapo, msomaji, ndipo penyewe. Walikuwa peke yao, mlango umerudishwa, urafiki wa miaka kumi na moja umekaa baina yao na ungo wa mchele. Neno lilikuwa ulimini: Biasha, nisaidie, nna khofu na mwanangu. Lilifika mpaka kwenye meno. Mwatima akalimeza, akasema, "Mchele wenu wa mgao mara hii una mawe, eh?" Akaondoka. Alisema moyoni kwamba Biasha ni Biasha, hana haja ya kuambiwa.

Sikukuu ikaja ikapita, siku zake nne, watoto na nguo mpya na bembea. Siku ya tano wazazi wakakutana skuli. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na darasa walilokutania lilinuka chaki na majimaji. Madawati yalisogezwa ukutani. Watu walikuwa kama thelathini, kila nyumba mmoja, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na mabuibui yao yakichuruzika maji ya njiani. Usi alikuwa bandarini. Meli ilikuwa imeingia.

Mwalimu Jaku akagonga meza kwa kipande cha chaki.

"Kura yetu ni ya miguu," akasema. "Wagombea watasimama hapa mbele, wageuke ubaoni, wasimwone mtu, mtu asione haya. Amtakaye Fundi Muhiddin ajipange nyuma yake. Amtakaye Bi Mwatima ajipange nyuma yake. Pole pole, jamani, hapa si kwenye foleni ya mchele."

Muhiddin aligeuka, akasema kwa sauti, "Kumbukeni nilikuombeni!" Wakacheka.

Mwatima naye akageuka. Mbele ya macho yake palikuwa na ubao uliofutwa vibaya. Chini ya weupe wa chaki zilionekana hesabu za kabla ya Ramadhani, saba mara nane, saba mara tisa, kama samaki chini ya maji. Nyuma yake miguu ikaanza kwenda. Makubadhi yalikwaruza, mabuibui yakachakarika, mtu akakohoa. Sauti zile zilimjia kama zinatoka katika ile ndoto, ila sasa zina mwili. Akawatambua kwa nyayo: huyu ni wa kaimati za siku ya kwanza, huyu ni wa muhogo, yule ni wa tambi. Akafumba macho. Alimwona Tabia anavuka bonde adhuhuri, kivuli kimemkaa miguuni kama paka. Moyo wake ulijaa shukrani hata akahofia kulia mbele za watu.

"Geukeni," akasema Mwalimu Jaku.

Akageuka. Nyuma yake walikuwa watatu. Mmoja alikuwa binamu yake. Mmoja alikuwa baba wa watoto pacha aliyegombana na Muhiddin kwa ajili ya koti. Wa tatu, bibi kizee aliyemwakilisha mjukuu wake, alisimama pale kwa sababu pana upepo wa dirisha, na alipoambiwa huo ni mstari wa kura, alisema, "Ah, mie nasubiri wamalize."

Mstari wa Muhiddin ulizunguka darasa ukatoka mpaka ukumbini. Na katikati ya mstari huo, akijikuna shingo kama aliyeumwa na mbu, alisimama Biasha.

Mwatima hakuona kitu kwa muda. Kisha akaona Biasha tu.

"Biasha."

"Naam, shoga."

"Nawe?"

"Nami vipi?" Biasha akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa kweli. "Kanijia mlangoni, kaniomba, nkampa kauli yangu. Weye uliniomba lini?"

"Nilikuletea kaimati."

"Na mie nkakurudishia kachori kumi na mbili, tena za moto, na chatne yake. Sahani yako ilirudi tupu?"

"Haikurudi tupu."

"Basi! Tukafuturu kwako, nawe ukafuturu kwetu, Mungu atutakabalie. Hayo na kura yameingilianaje?"

Wanawake wengine wakaitikia kwa chini. Mmoja akasema, "Hata mie nilirudisha mkate wa kumimina." Mwengine, "Sie tulidhani ni Ramadhani tu."

Biasha akatoka mstarini, akamsogelea. Sasa alikuwa ananong'ona, lakini darasa lote lilisikia. "Shoga yangu, sote tulijua jina lako katia mwalimu, apate mwanamke kwenye karatasi. Tukasema, Mwatima mwenyewe hataki, angetaka asingenyamaza mwezi mzima. Nkaona kukupigia kura ni kukuonea. Kwani ulikuwa unakitaka kile kiti?"

"Sikitaki kiti," Mwatima akasema.

"Ulikuwa unataka nini?"

Hapo ndipo alipofungua kinywa, kiti kimeshakwenda. Alisema pale pale alipo, mkono mmoja umeshika dawati. Alisema mambo ya kiatu, na ya maji, na ya sauti inayoita kwa sauti ya mama. Alisema kwamba usiku huwa anaamka kuishika miguu ya Tabia kuona kama mikavu. Alisema watoto wa kike wanaovuka bonde ni kumi na watano, na kwamba alitaka wawekwe zamu ya asubuhi, basi, na kwamba hakujua aseme vipi bila ya kumtia mtu kabari. Maneno yalitoka hayana mpango, mengine yakarudi nyuma kuchukua yaliyosahauliwa.

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Na wangu aliitwa. Nilimpiga, nkamwambia ni mwongo." Akajifunika uso kwa ukaya.

Fundi Muhiddin alikuwa ameivua kofia yake. Ule utani wote ulimtoka usoni. "Bi Mwatima," akasema, "mbona hukuniambia hata mie? Wanangu wako asubuhi, bonde lile mie nnalijua kwa kuokota kambale tu. Ungeniambia ningekupa kiti, wallahi, na hivyo nilivyoomba ningekuombea weye."

"Sasa si umekipata," Biasha akamwambia kwa ukali. "Wabadilishe!"

Muhiddin akatazama mstari wake. Watu nao wakamtazama.

"Siwezi," akasema. "Kila mlango niliopiga hodi waliniuliza neno moja. Mwanangu wa asubuhi atabaki asubuhi? Nkawaambia atabaki. Nyumba baada ya nyumba. Kauli niliyoitoa na saumu mdomoni, siimezi. Na mabenchi ya asubuhi yamejaa. Nikimtia mmoja, namtoa mmoja. Nimtoe wa nani? Wako, Biasha?"

Biasha akarudi nyuma hatua moja.

"Mwakani," akasema Muhiddin. "Mwakani nitalisema mimi mwenyewe, la kwanza. Mwaka huu wa skuli tunaoufungua, mikono yangu imefungwa."

Mwalimu Jaku aliandika jina la Muhiddin kwenye daftari, na kazi ikawa imekwisha.

Ninalisema hili kwa wazazi wote: tusidanganyane na hili neno "wanajua". Hawajui. Jirani yako anakupenda, anakula chako nawe unakula chake, na usiku analala fofofo huku wewe umekaa kitandani unahesabu pumzi za mwanao. Hajui. Mwatima alikuwa na mwezi mzima na milango yote wazi. Neno moja la dakika moja lingetosha, na kwa kulionea haya akamnunulia mwanawe mwaka mzima wa kuvuka bonde magharibi.

Alipofika nyumbani siku ile, Usi hakumlaumu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bonde bado liko pale pale. Na skuli inafunguliwa Jumatatu."

Jumatatu alasiri Mwatima alivaa buibui lake akatoka. Alisimama mbele ya mlango wa kwanza muda mrefu hata mtoto wa nyumba ile akaingia kumwambia mamake kuna mtu nje hasemi kitu. Mama akatoka.

"Hodi," Mwatima akasema, amechelewa. "Nimekuja kuomba."

"Karibu. Kuomba nini?"

"Nnaomba tufuatane bondeni kuwapokea watoto. Leo, na kesho. Kila siku, mtu na siku zake. Nakuomba."

Mwanamke yule alimtazama. "Ngoja niteremshe chungu," akasema.

Mlango wa pili walimwambia wana mgonjwa. Wa tatu, tutaona inshallah, na inshallah ile ilikuwa ya hapana. Wa nne alikuwa yule mama aliyempiga mwanawe; alishavaa, alikuwa kama anayengoja. Biasha, ambaye hana mtoto wa jioni, alitokea na mwavuli, akasema, "Mie nakuja kuchuma mboga tu," na bonde lile halina mboga. Wakawa wanne.

Walifika jua likiwa limeshainama. Maji yalikuwa juu pande zote mbili, na mbingu ilikuwa imeshaanza kushuka ndani yake. Hawakusema sana. Walijipanga njiani, mmoja kila baada ya hatua thelathini hivi, buibui jeusi, kisha mwanga, kisha buibui jengine, na kwa mbali walionekana kama wamesimama juu ya wingu. Mwatima alikwenda mpaka mwisho, karibu na skuli. Ile raha nzito ilimjia tena kwenye magoti. Akasikia Biasha, kwa nyuma, anapiga chafya na kumtukana chura, ikampungua.

Kengele ikalia. Watoto wakaja kwa makundi, mitandio myeupe, kelele kwanza kisha kelele zikapungua walipokaribia maji. Tabia alikuwa wa sita. Alipomwona mama yake alisimama, akatazama nyuma yake kwenye mstari ule wa wanawake unaoishia kwenye minazi.

"Mama, mbona umekuja na watu?"

"Nimewaomba."

Tabia aliona ni jambo la ajabu. Alimjua mama yake. "Ulisemaje?"

"Nilisema, twendeni."

"Basi?"

"Basi," akasema Mwatima, akamshika mkono, wakaanza kuvuka. Walipofika kwa mwanamke wa kwanza, naye akageuka akafuata, na wa pili, na wa tatu, na maji yakazichukua sura zao zote kichwa chini miguu juu, wakubwa kwa wadogo, mpaka walipopanda upande wa pili.